Arnold Lunn: Mguu mmoja mfupi, safari ndefu ya barafuni

MASHABIKI wa michezo ya majira ya baridi wanapotazama slalomu katika Olimpiki, ni wachache wanaokumbuka kwamba aliyeasisi mbio hizo za kisasa alikuwa mtu aliyetembea kwa kuchechemea.

Mtu huyo ni Sir Arnold Lunn, Mwingereza aliyefariki dunia Juni 2, 1974, akiwa na umri wa miaka 86.

Jina lake limefungamana na vijiti vya bendera na saa za kupimia kasi. Hata hivyo, yaliyomlea hayakuwa mashindano, bali safari za siku kadhaa juu ya mito ya barafu ya Uswisi, ambako msafiri hutoka kibanda kimoja na kwenda kingine akiwa na skii miguuni na mzigo mgongoni.

Lunn alizaliwa Aprili 18, 1888 huko Madras, India, ambako baba yake, Henry Lunn, alikuwa mmisionari wa Kimethodisti. Familia iliporejea Uingereza, mzee huyo aligeukia biashara ya utalii na kuanza kupeleka wateja katika milima ya Alps. Ni huko ambako Arnold, akiwa bado mtoto, alijifunza kuteleza kwenye theluji.

Zama hizo hapakuwa na mitambo ya kuwapandisha watu mlimani. Aliyetaka kuteremka alilazimika kwanza kupanda kwa nguvu zake mwenyewe, mara nyingi akiwa amefunga ngozi za sili chini ya skii ili zisirudi nyuma.

Njia ya safari hizo ilikuwa imefunguliwa Januari 1897, pale Mjerumani Wilhelm Paulcke na wenzake walipovuka sehemu ya Bernese Oberland kwa skii.

Januari 1909, Lunn akiwa kijana wa miaka 20, alifuatana na Profesa F. F. Roget wa Geneva pamoja na waongozaji wenyeji kuivuka safu hiyo kutoka Kandersteg hadi Meiringen. Walipita mgongo wa Petersgrat, wakashuka bonde la Lötschental, wakapanda tena hadi kipito cha Lötschenlücke, kisha wakaingia katika mto wa barafu wa Aletsch, ulio mkubwa kuliko yote katika Alps.

Hatari ya safari ya namna hiyo haionekani kwa macho. Theluji hufunika nyufa zenye kina kirefu, na anayekanyaga mahali dhaifu humezwa. Ndiyo maana wasafiri hujifunga kamba. Ukungu ukishuka, kibanda kilicho umbali wa saa moja huweza kupotea kabisa, na kukikosa kabla ya usiku ni kuhatarisha maisha.

Miezi saba baadaye, msiba ulimfika mahali ambapo hapakuwa na barafu wala theluji. Agosti 1909, alipokuwa akikwea miamba ya Cader Idris nchini Wales, jiwe lilimponyoka akaanguka na kuvunjika vibaya mguu.

Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita kadhaa, na jeraha lake lilimtesa kwa miaka mingi. Kwa kijana aliyeyapenda maisha ya milimani, hiyo ingeweza kuwa hukumu ya kukaa nyumbani.

Lakini Lunn hakukubali. Mwaka 1917 alifika kwa skii juu ya mlima Dom, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, akiwa na mwongozaji mashuhuri Josef Knubel. Mei 1924 alikuwa miongoni mwa watu wanne wa kwanza kuupanda Eiger kwa skii.

Hata mashindano aliyoyaanzisha yalibeba harufu ya safari zile. Katika mbio za kombe la Roberts of Kandahar, Januari 1911, washindani walipanda hadi kibanda cha Wildstrubel, wakalala huko, na kesho yake wakashindana kuuvuka mto wa barafu wa Plaine Morte na kuteremka hadi Montana.

Januari 1922 aliandaa huko Mürren slalomu ya kwanza ya kisasa, iliyopima kasi ya kukata kona. Mwaka 1931 mji huo ukawa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteremka na slalomu, na mwaka 1936 michezo hiyo ikaingia Olimpiki.

Miaka miwili baadaye alipimwa kwa namna nyingine. Machi 1938 Wanazi waliitwaa Austria na kumtia mbaroni Hannes Schneider, mwalimu wa skii aliyeshirikiana na Lunn kuanzisha mbio za Arlberg-Kandahar mwaka 1928. Mbio za mwaka huo zilikuwa zifanyike St. Anton, nyumbani kwa Schneider. Lunn alizifuta. Aliona heri kupoteza mashindano aliyoyajenga mwenyewe kuliko kushangilia mahali ambapo rafiki yake amefungwa.

Mwaka 1952 alitunukiwa cheo cha Sir kwa mchango wake katika skii na katika uhusiano wa Uingereza na Uswisi. Uzeeni alisikitika kuona wengi wakizunguka kwenye miteremko iliyosawazishwa kwa mashine, bila kuujua mlima wenyewe.

Njia aliyoipita mwaka 1909 bado ina wasafiri, ingawa barafu yenyewe inapungua. Kibanda cha Konkordia, kilichojengwa mwaka 1877 mita zipatazo 50 tu juu ya barafu, sasa hufikiwa kwa kupanda zaidi ya ngazi 400 za chuma, kwa kuwa barafu iliyo chini yake imeshuka.

Bendera za slalomu hupandwa asubuhi na kung'olewa jioni. Barafu iliyomlea Lunn, ikishayeyuka, haitarudishwa na mtu.