Mwana wa Gabriel Young

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya kidato cha sita yakishatangazwa, huzuka katika nyumba za wafanyakazi mazungumzo ambayo si mepesi. Kijana aliyetarajiwa kuwa mwalimu, tabibu au karani huja mbele ya wazazi wake na kusema kwamba hazitaki kazi hizo. Ataka kuingia katika chuo cha maofisa wa jeshi na kutoka humo na nyota begani. Baba hunyamaza. Mama huuliza kama kazi nyingine zimekwisha duniani. Wapo wazazi wanaokataa papo hapo, wala hatuwalaumu, kwa kuwa jeshi ni jeshi na mwana ni mwana. Wapo pia wanaokubali kwa pupa kwa sababu wameona mshahara na heshima ya mavazi, na hao twawaogopea zaidi.

Leo twapenda kuwasimulia wanachama na wafanyakazi habari za mzazi mmoja wa zamani aliyejua uzito wa jambo hilo kuliko wengi wetu, na ambaye hata hivyo alimhimiza mwanawe aende. Mzazi huyo ni Gabriel Young, na mwanawe ni Kanali Charles Young wa jeshi la Marekani, aliyefariki katika ardhi ya Afrika mwaka 1922.

Charles Young alizaliwa tarehe 12 Machi, 1864, katika kijiji cha Mays Lick, jimbo la Kentucky. Alizaliwa mtumwa, maana kwa sheria za huko mtoto alifuata hali ya mama yake, na mama yake, Arminta, alikuwa mtumwa kama alivyokuwa baba yake. Wasomaji watasema kwamba Rais Lincoln alikuwa amekwisha kutangaza uhuru wa watumwa tangu mwaka 1863. Ni kweli, lakini tangazo lile lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Kentucky halikuasi, na kwa hiyo watumwa wake walibaki watumwa, wakiisikia habari ya uhuru kwa majirani kama mtu asikiaye ngoma ya harusi asiyoalikwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1865 Gabriel alikata shauri. Alitoroka, akavuka mto Ohio, akafika mji wa Ripley upande wa pili, mji uliojulikana sana kwa watu wake waliowaficha na kuwasafirisha watumwa waliokimbia. Huko hakujificha. Alijiandikisha katika kikosi cha 5 cha mizinga mizito cha askari weusi, akavaa nguo za jeshi la Serikali. Mwezi Machi mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa uhuru wake na watoto wa askari weusi. Na mwezi Desemba katiba ikageuzwa, utumwa ukafutwa katika nchi nzima. Vita vilipokwisha na askari kuruhusiwa kwenda zao, Gabriel aliihamishia jamaa yake Ripley.

Twaomba msomaji akae kidogo katika jambo hili. Kwa Gabriel Young, nguo za jeshi hazikuwa pambo. Ndizo zilizomtoa katika daftari la mali ya bwana na kumwingiza katika daftari la watu. Lakini alikuwa askari wa chini, na katika vikosi vya watu weusi waliotoa amri karibu wote walikuwa weupe. Wazee wetu waliotumikia King's African Rifles hawahitaji kuelezwa zaidi. Wao nao walikwenda hadi Burma, wakarudi na medali na makovu. Mtu mweusi aliweza kufika usajini meja, naye akampigia saluti kijana wa Kizungu aliyetoka shule juzi. Uofisa kamili haukufunguliwa kwa Mwafrika mpaka ukoloni ulipokuwa ukifunga virago. Kwa hiyo baba aliyekuwa askari akimwona mwanawe ana akili za kuwa ofisa, huona kitu ambacho jirani yake hakioni.

Na akili zilikuwapo. Mama yake Charles alijua kusoma na kuandika, jambo la nadra kwa mtu aliyelelewa utumwani, na alihimiza masomo na muziki nyumbani mwake. Kijana alisoma shule ya sekondari ya Ripley pamoja na watoto weupe, akamaliza mwaka 1881 akiwa miongoni mwa walio bora kabisa. Akapata kazi ya ualimu katika shule ya watoto weusi ya mji ule. Kazi ya heshima, ya mshahara, karibu na mama. Wazazi wengi wangeishia hapo na kumshukuru Mungu.

Chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, hupokea vijana waliopendekezwa na wajumbe wa Bunge. Mwaka 1883 ulifanywa mtihani wa kushindania nafasi, na Gabriel akamsukuma mwanawe aufanye. Charles akawa wa pili. Aliyemshinda hakuendelea, na hivyo mwaka 1884 mlango ukafunguka kwa mwana wa mtumwa.

Mlango gani, lakini! Ni lazima tuseme ukweli wote, maana mzazi anayemtia moyo mwanawe bila kumwonyesha mashimo ya njiani hamsaidii. Tangu mwaka 1870 vijana weusi kadha walikuwa wameingia West Point, na wengi walitolewa kwa mitihani au kwa mateso. Henry Flipper, mwana wa fundi viatu aliyezaliwa utumwani Georgia, alikuwa wa kwanza kumaliza, mwaka 1877. Miaka minne baadaye alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akaachiliwa katika shtaka la wizi wa fedha lakini akapatikana na hatia ya mwenendo usiofaa ofisa, na mwaka 1882 akafukuzwa jeshini. Johnson Whittaker alikutwa chumbani mwake asubuhi moja ya Aprili 1880 amefungwa kitandani, amepigwa na kukatwa masikio. Wakubwa wakasema amejifanyia mwenyewe, naye akaondolewa chuoni. Habari hizo ziliandikwa katika magazeti ya nchi nzima. Hakuna mzazi mweusi wa mwaka 1884 aliyeweza kudhani kwamba anampeleka mwanawe mahali pa salama.

Mwaka wa kwanza Charles alishindwa hesabu, akaambiwa aurudie. Hapo ndipo vijana wengi huvunjika, na hapo ndipo jirani hupata la kusema. Yeye akaurudia. Wanafunzi weupe hawakusema naye isipokuwa kwa amri au kwa matusi. Mwenzake mmoja tu alikuwapo, John Alexander, kijana mweusi aliyelala naye chumba kimoja kwa miaka mitatu. Alexander alipomaliza mwaka 1887, Young alibaki peke yake miaka miwili. Mwaka wa mwisho akashindwa uhandisi. Wenzake wakapewa vyeti mwezi Juni, yeye akabaki chuoni majira ya joto, akifundishwa na ofisa mmoja aliyejitolea, George Goethals, ambaye baadaye alisimamia ujenzi wa mfereji wa Panama. Tarehe 31 Agosti, 1889, Charles Young alipata cheti chake. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kumaliza chuo kile, na katika darasa lake la watu 49 alikuwa wa 49.

Sisi twapenda sana hesabu hiyo ya 49. Magazeti husifu wa kwanza, na wazazi huja shuleni wakiuliza nani ameshinda. Huyu alikuwa wa mwisho, amechukua miaka mitano mahali pa minne, na hakuna hata mmoja kati ya 48 waliomtangulia aliyefanya masomo yake katika upweke kama ule.

Kazi yake baada ya hapo ilikuwa ndefu, nasi tutaipitia upesi. Alitumikia kikosi cha 9 cha wapanda farasi, kikosi cha askari weusi, katika ngome za Nebraska na Utah. Mwaka 1894 alipelekwa Wilberforce, Ohio, kufundisha masomo ya kijeshi katika chuo kikuu cha watu weusi, na huko akafanya urafiki wa maisha na mwanachuoni Du Bois, ambaye Waafrika wanamjua kwa mikutano ya umoja wao. Alipigana Ufilipino. Mwaka 1903 alisimamia mbuga ya Sequoia katika California, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo, na askari wake katika kiangazi kimoja walifungua barabara ya kufikia miti mikubwa iliyokuwa imewashinda wengine kwa miaka. Alitumwa Haiti, kisha Liberia tangu 1912 hadi 1915 kulitengeneza jeshi la jamhuri ile. Huko alijeruhiwa akiwaokoa wenzake na akaugua homa kali. Mwaka 1916 alikuwa Mexico katika msafara wa Jenerali Pershing, akaongoza askari wake kwa farasi na bastola.

Twaweza kusema waziwazi kwamba si kila vita alivyotumwa vilikuwa vya haki. Wafilipino walikuwa wakipigania uhuru wao, na mwana wa mtumwa alikwenda kuwapiga kwa amri ya Serikali iliyokuwa ikimbagua nyumbani. Jambo hili ni chungu, na mzazi ampelekaye mwanawe jeshini amesalimisha pia dhamiri ya mwana huyo kwa wale watoao amri. Ndiyo maana ni kazi ya raia kuangalia ni nani watoao amri.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita vya Ulaya. Young alikuwa luteni kanali, ofisa mweusi mwenye cheo cha juu kuliko wote, na ilionekana wazi kwamba akipelekwa Ufaransa atatoka jenerali. Ofisa mmoja mweupe kutoka Mississippi alilalamika kwa mjumbe wake wa Bunge kwamba hawezi kuamriwa na mtu mweusi, na malalamiko hayo yakafika kwa Rais Wilson. Muda si muda, madaktari wa jeshi wakaona kwamba Young ana ugonjwa wa damu kwenda kasi na hafai tena kwa vita. Akapandishwa ukanali, akastaafishwa. Mkono mmoja ukimpa, mwingine ukimnyang'anya.

Alijibu kwa mwili wake. Mwezi Juni 1918, akiwa na miaka 54, alipanda farasi mlangoni pake Wilberforce akaenda Washington, mwendo wa kilomita 800 hivi, kwa siku 16, mara akipanda, mara akishuka na kutembea ampumzishe mnyama. Alifika mzima, akaripoti. Hawakumrudisha kazini mpaka tarehe 6 Novemba, siku tano kabla ya vita kwisha. Mwaka 1920 wakamtuma tena Liberia, wao waliosema kwamba afya yake haistahimili Ulaya. Alikuwa safarini Nigeria ugonjwa wa figo ulipomshika, akafariki Lagos tarehe 8 Januari, 1922. Alizikwa huko, na mwaka 1923 mabaki yake yakapelekwa makaburi ya mashujaa ya Arlington. Ujenerali aliufikia tarehe 29 Aprili, 2022, miaka 100 baada ya kufa, alipotangazwa brigedia jenerali wa heshima katika uwanja wa West Point ileile.

Lakini mambo hayakungoja miaka 100. Mwaka 1901, katika ngome ya Fort Duchesne, Utah, alikuwapo askari mweusi kijana aitwaye Benjamin Davis aliyetaka kuwa ofisa. Young alimfundisha kwa ajili ya mtihani, Davis akafaulu, akapata uluteni. Baadaye akashika nafasi zilezile za Young Wilberforce na Liberia, na mwaka 1940 akawa jenerali mweusi wa kwanza wa Marekani.

Davis naye alikuwa na mwana, na mwana huyo akataka West Point. Baba alijua yote: Flipper, Whittaker, kanali wake wa farasi. Alimsaidia mwanawe kupata pendekezo la Oscar De Priest wa Chicago, mtu mweusi pekee katika Bunge siku zile. Mara ya kwanza kijana alianguka mtihani. Akajaribu tena, akaingia mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake hawakusema naye wala kula naye meza moja kwa hiari, wala hakuna aliyelala naye chumba kimoja. Mwezi Juni 1936 alipokea cheti chake akiwa wa 35 katika darasa la watu 276, mtu mweusi wa kwanza kumaliza chuo kile tangu Charles Young, miaka 47 ilipokuwa imepita.