Klaus Wachsmann: Aliyenasa muziki wa Kabaka kwa traki moja

Mwenye kutoka kwenye mzunguko wa Mulago, jijini Kampala, na kuifuata Barabara ya Kira hulikuta upesi Jumba la Makumbusho ya Uganda katika kilima cha Kitante. Upande mwingine wa Mulago, ng'ambo ya Wandegeya, kipo kilima cha Makerere na chuo kikuu chake. Kutoka kilima cha kwanza hadi cha pili ni mwendo mfupi, lakini sauti alizozikusanya Klaus Wachsmann zilipitia London na kuchukua miongo kadhaa kabla ya kufika.

Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, na huko ndiko alikoanza kusomea muziki, akiwa mwanafunzi wa Erich von Hornbostel. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, msomi mwenye asili ya Kiyahudi hakuwa tena na mustakabali Ujerumani. Alikwenda Uswisi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1935 katika Chuo Kikuu cha Fribourg, kisha akajifunza lugha za Kibantu mjini London. Mwaka 1937 aliwasili Uganda kufanya kazi ya elimu ya kimisheni, na mwaka 1948 akakabidhiwa usimamizi wa makumbusho.

Hakutaka ala zikae kimya kabatini. Katika jumba jipya la Kitante, lililofunguliwa mwaka 1954, wanamuziki walipiga ala mbele ya wageni, na mmoja wa waliofanya kazi hapo alikuwa Evaristo Muyinda, fundi wa marimba aliyewahi kupiga katika kasri la Kabaka.

Kuanzia mwaka 1949 Wachsmann alizunguka pembe mbalimbali za Uganda akinasa nyimbo na ngoma. Vifaa vya wakati huo vilikuwa na mkondo mmoja tu wa sauti, yaani traki moja kwa lugha ya studio. Na hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Entenga, ngoma za kifalme za Buganda, ni ngoma 15 zinazopigwa na watu sita: wanne hushika ngoma 12 zilizolinganishwa sauti kama marimba, na wawili hupiga tatu zilizobaki. Kwa traki moja, sauti ya kila mpigaji huamuliwa na mahali kipaza sauti kilipowekwa kabla ya pigo la kwanza. Kosa likitokea, hakuna wa kulirekebisha baadaye.

Amadinda, marimba ya vibao 12, ina fumbo gumu zaidi. Mpigaji wa kwanza huanzisha mfululizo wake, wa pili hupenyeza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu hurudia kwenye vibao viwili vya juu sauti fulani za wale wawili. Msikilizaji husikia tuni ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Fundi wa leo angempa kila mpigaji kipaza sauti na traki yake, na mwanafunzi angefaidika sana, kwani angeweza kumsikiliza mmoja mmoja. Hata hivyo, tuni yenyewe huzaliwa pale sauti zinapochanganyika, na huo mchanganyiko ndio uliohifadhiwa na Wachsmann. Ala moja moja alizichunguza kwa njia nyingine, yaani vipimo: mwaka 1950 jarida la Nature lilichapisha matokeo yake kuhusu kinubi cha Kiganda ambacho nyuzi zake ziligawa oktavi katika hatua tano zinazokaribia kulingana.

Aliondoka Uganda mwaka 1957. Mwaka huohuo kampuni ya Ampex ilimkabidhi mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, mashine ya kurekodi yenye traki nane. Wachsmann alifanya kazi London, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, Los Angeles na Northwestern, hadi mwaka 1975.

Pengine teknolojia hiyo ingeweza kurudishwa Mengo, lakini Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilivamia kasri la Kabaka. Ala za kifalme ziliharibiwa, wanamuziki wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Entenga ilinyamaza kwa takriban nusu karne, hadi mwalimu wa muziki James Isabirye alipowakutanisha vijana na mmoja wa wapigaji wa mwisho waliosalia.

Wachsmann alifariki dunia nchini Uingereza mwaka 1984. Rekodi zake zilihifadhiwa London, na baadaye nakala za kidijitali zikarejeshwa Makerere. Anayezisikiliza leo huweza kupunguza mikwaruzo na kuongeza sauti. Wapigaji wale sita wangali kwenye traki moja, na aliye mbali na kipaza sauti bado yuko mbali.