Shaaban Robert na Mashine ya Kutunga

Tarehe 1 Januari, mwaka 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alizaliwa mtoto aliyeitwa Shaaban bin Robert. Siku zile nchi yetu ilitawaliwa na Wadachi, na mji wa Tukuyu, ulio jirani na kwetu Lufingo, uliitwa Neu Langenburg. Hapana aliyejua kwamba mtoto huyo atakuwa bingwa wa Kiswahili, hata watu wa milimani, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kinyakyusa, wamjue kwa jina.

Alisoma shule Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926. Kisha akawa karani wa forodha katika serikali ya Waingereza, waliokuwa wamekwisha kuitwaa nchi. Kazi ya karani ni hesabu na barua, tena huhamishwa mara kwa mara. Lakini baada ya kazi Shaaban hakuilaza kalamu. Alijifunza mizani na vina kwa washairi wa kale wa pwani, naye akatunga yake mwenyewe.

Basi akapatwa na msiba: mkewe Amina alifariki. Shaaban alimpenda sana, na katika majonzi yake alimtungia shairi la maombolezo, ambalo watu hulisoma hata leo. Tena aliwatungia watoto wake tenzi mbili, mmoja wa binti yake na mmoja wa mwanawe wa kiume, ili wapate maneno ya baba ya kuwaongoza katika maisha.

Nawe, mwanafunzi, huenda umesikia habari za mashine za siku hizi ziitwazo akili mnemba. Ukiiagiza mashine hiyo shairi la msiba, itakupa upesi kuliko mtu awezavyo kuchonga kalamu. Mashine hiyo imelishwa maandishi mengi mno ya watu, nayo hupima kwa hesabu ni neno gani lielekealo kufuata neno jingine. Ndivyo ipangavyo maneno, moja baada ya moja, mpaka shairi likamilike.

Pengine utauliza: Je, Shaaban naye hakuyapata maneno kwa waliomtangulia? Kweli, aliyapata kwao. Hapana mtu azaliwaye na maneno yake tayari. Basi tofauti haiko katika kuazima. Tofauti ni kwamba Shaaban alifiwa, na mashine haifiwi. Wazee husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mashine imesoma habari za vitanda vyote, lakini haijalala hata kimoja.

Tena mtu hutunga akijua kwamba neno lake laweza kumponza. Katika mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo mema, wakalipwa adhabu. Nchi yenyewe ni ya kubuni, lakini wasomaji wengi waliuona humo utawala wa kigeni uliokuwapo. Naye aliyeandika alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo, mwenye mshahara na jamaa wa kulisha. Mashine haina cha kupoteza isemapo kweli, wala haioni haya isemapo uongo.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni, mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alizikwa Machui, karibu na alikozaliwa.

Basi, mtoto wa Lufingo, ukipewa insha ya kuandika habari za bibi yako, usikimbilie mashine. Itakupa bibi wa kila mtu, yaani bibi asiye wa mtu yeyote. Haijui jinsi bibi yako alivyokuita kutoka migombani mvua ilipoanza kunyesha. Hayo wayajua wewe. Ukiyaandika kwa shida, ukafuta na kuanza tena, insha yako huenda ikawa na makosa, na mwalimu atayasahihisha. Lakini usipoyaandika wewe, hapana mwingine atakayeyaandika.