Charles Spurgeon: Mhubiri Aliyeugua Mwili na Moyo



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Charles Spurgeon, mhubiri Mbatisti wa Uingereza. Tumemchagua kwa sababu mtu akikaa na huzuni wiki nyingi hapa kambini, watu husema upesi kwamba hana imani au ana pepo.

Spurgeon alizaliwa mwaka 1834. Alianza uchungaji London mwaka 1854, akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1861 kanisa lake lilifungua jengo la Metropolitan Tabernacle, lenye nafasi ya watu zaidi ya 5,000, nalo likajaa.

Huzuni ilimpata mapema. Jioni ya tarehe 19 Oktoba 1856 alikuwa akihubiri katika ukumbi wa Surrey Gardens, mtu akapiga kelele ya moto, na moto haukuwepo. Watu walikimbilia milangoni, saba wakafa katika msongamano ule. Moyo wake haukupona kabisa. Sisi tuliokimbia risasi tunamwelewa.

Alipofika miaka kama 35 alianza kuugua jongo. Ugonjwa huu huvimbisha viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na usiku hata shuka ikigusa tu mtu hulia. Baadaye figo nazo zikaharibika. Maumivu yalimwondolea usingizi, na usingizi ukikosekana, giza la moyo lilirudi. Alilala kitandani wiki nyingi, huku maelfu wakimngoja mimbarani.

Yeye mwenyewe aliujua uhusiano huo. Aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji somo zima juu ya kuvunjika moyo, akautaja ugonjwa wa mwili kuwa sababu mojawapo, pamoja na kukaa mno na vitabu chumbani bila hewa safi. Aliwashauri watoke nje, watembee penye upepo. Hakuita kila huzuni dhambi.

Siku hizi madaktari wanaeleza hivyo hivyo. Mwenye sonona, yaani ile huzuni isiyoondoka, akipatwa na malaria, upungufu wa damu au maumivu ya muda mrefu, moyo wake huweza kushuka zaidi. Nao moyo ukishuka, maumivu huzidi, na mgonjwa huacha hata dawa zake. Basi tunapomwombea ndugu, tumwulize pia kama analala na kama ana homa, tumsindikize zahanati.

Baridi ya London ilimwumiza, hivyo majira mengi ya baridi Spurgeon alikwenda Menton, pwani ya Ufaransa yenye jua, akapata nafuu. Alibaki mchungaji wa kanisa lile lile mpaka kufa. Mkewe Susannah, naye mgonjwa miaka mingi, hakuweza kusafiri naye. Ni Oktoba 1891 tu walipokwenda Menton pamoja kwa mara ya kwanza. Walikaa huko miezi mitatu, na tarehe 31 Januari 1892 Spurgeon akafariki, akiwa na miaka 57.