Mwingereza aliyetundika zulia ukutani

Kwetu sisi zulia ni la kukalia na kusalia. Lakini Bwana William Morris, mshairi na fundi mashuhuri wa Uingereza, alilitundika zulia kubwa la Kiajemi ukutani katika chumba chake cha kulia, kule Hammersmith, London, likapanda mpaka darini. Mimi sioni kama alikuwa akiringa. Naona aliiheshimu kazi ya mkono.

Alizaliwa mwaka 1834 katika nyumba ya kitajiri, na angaliweza kununua vitu na kustarehe navyo. Hakutosheka. Mwaka 1878 alijifunza mwenyewe kupiga mafundo ya zulia, kisha akaweka vitanda vya mfumi katika banda la magari ya farasi nyumbani kwake, na wanawake wakafuma humo.

Ujuzi huo ndio uliofanya makumbusho ya South Kensington, ambayo tangu 1899 yaitwa Victoria and Albert, yamtake ushauri. Mwaka 1893 palikuwa na zulia linauzwa, lililotoka Ardabil, mji wenye kaburi la Sheikh Safi-ud-Din. Urefu wake ni mita kumi na nusu, na limefumwa jina la Maqsud wa Kashan na mwaka 946 Hijria, yaani 1539 au 1540. Morris alilikagua akashauri linunuliwe. Likanunuliwa kwa pauni 2,000.

Hapo ndipo ninapopata uchungu. Zulia hilo lilikuwa na pacha wake. Yote mawili yalikuwa yamechakaa, basi pacha akakatwa vipande ili mwenzake atiwe viraka aonekane mzima. Siku ya kuuza, habari za pacha zilifichwa. Mabaki yake, bila ya pambizo zake za asili, sasa yako katika makumbusho ya Los Angeles, Marekani.

Morris alifariki mwaka 1896. Mimi namshukuru, kwani jicho lake lilisaidia kazi ya Maqsud ipate pa kutunzwa na kutazamwa na watu wote. Lakini pacha aliyekatwa hutufunza jambo jingine: mnunuzi akitaka kizima tu, muuzaji atakata ili apate kizima. Basi ewe mpenda vitu vya kale, kabla hujauliza bei, uliza kwanza kimetoka kwa nani, na ni kipi kilichovunjwa ili hicho kikufikie.