MAISHA YA DAKTARI MATTHEW LUKWIYA (1957–2000)

Tuangalie maisha ya mtu mmoja wa nchi jirani ya Uganda, ili tujifunze jinsi ya kulindana wakati wa ugonjwa wa mauti.

Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum, kaskazini ya Uganda, mwaka 1957. Mama yake alikuwa mchuuzi. Alisoma kwa bidii akawa daktari katika hospitali ya Lacor, mjini Gulu. Mwaka 1989 waasi walipokuja kuteka nyara watawa, alijitoa achukuliwe yeye badala yao. Alikwenda kusoma Liverpool, Uingereza, akafaulu sana, lakini akarudi kwa watu wake. Wakati wa vita, maelfu walikimbilia uani mwa hospitali ili walale salama.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi upesi, akachunguza karatasi za wagonjwa usiku kucha, akatambua dalili za Ebola. Hakuficha. Aliwajulisha wakubwa wa serikali, akawatenga wagonjwa hata kabla maabara ya Afrika Kusini haijajibu. Wauguzi walipozidi kufa, wenzao walitaka kuacha kazi. Aliwakusanya, akawasikiliza, akawasihi, wakabaki. Naye akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000, akiacha mke na watoto watano. Alizikwa siku ile ile na watu waliovaa mavazi ya kinga. Katika mlipuko ule waliugua watu 425, wakafa 224.

Lakini waliopona walipata taabu nyingine: wengine walikataliwa na majirani, vitu vyao vikachomwa moto.

Ndugu, jambo hili si la Gulu tu. Ebola ilifika Mwenga mwaka 2019, na mpox ilienea toka Kamituga tangu mwaka 2023. Mama anayeuza mboga sokoni Kadutu, akiambiwa akae nyumbani siku 21 bila chakula, atajificha, na ugonjwa utaenea. Kwa hiyo tumpelekee unga na maji mlangoni, tuwaangalie watoto wake, tuwatie moyo wauguzi. Akipona, tununue tena mboga zake na kumkaribisha kanisani. Daktari Matthew alitoa uhai wake. Sisi tunaombwa kikapo cha unga. Bwana atusaidie. Amina.