Thomas Midgley: Aliyezima mgongano wa injini, akaiachia dunia sumu

Ukifika sheli ukaona 91, 93 au 95 kwenye pampu, hiyo ni oktani. Wengi tunadhani namba kubwa ni petroli yenye nguvu zaidi. Sivyo. Inaonyesha tu petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati.

Mtu aliyepata utajiri na lawama kwa jambo hilo ni Thomas Midgley, Mmarekani aliyezaliwa Mei 18, 1889 huko Beaver Falls, Pennsylvania.

Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza 1911. Mwaka 1916 akaanza kazi Dayton, Ohio, chini ya mvumbuzi Charles Kettering.

Shida ya wakati huo ilikuwa injini kugonga. Wahandisi walijua injini inayobana zaidi hutoa kilomita nyingi kwa lita ileile. Lakini ukiibana petroli ya enzi hizo, ililipuka hovyo ndani ya silinda, injini ikalia kama inapigwa nyundo.

Midgley alijaribu kemikali nyingi. Desemba 9, 1921 akapata jibu: madini ya risasi. Kiasi kidogo sana, sehemu moja kwa zaidi ya elfu moja za petroli, na kelele ikaisha.

Pombe nayo ilizuia kugonga, na Midgley alilijua hilo. Ila pombe kila mtu angeweza kuitengeneza. Risasi ilikuwa na hataza, na hataza ni pesa.

Februari 1923 mafuta hayo yakaanza kuuzwa Dayton kwa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa.

Sumu haikuchelewa. Midgley mwenyewe aliugua, akaenda Florida kupumzika. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja New Jersey walifariki baada ya kuchanganyikiwa akili. Midgley akawaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ileile na kuinusa kuonyesha ni salama. Biashara ikaendelea.

Baadaye alishiriki kuvumbua gesi za friji, ambazo miaka 30 baada ya kifo chake wanasayansi waligundua zinaharibu tabaka la ozoni.

Mwaka 1940 polio ilimpooza. Akabuni kamba na kapi za kumuinua kitandani. Novemba 2, 1944 alikutwa amekufa, kamba hizo zimemnyonga. Alikuwa na miaka 55.

Risasi yake iliendelea kuingia kwenye mapafu ya watoto kwa miongo mingi. Kusini mwa Sahara, sisi tukiwemo, tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na UNEP yenye makao Nairobi. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021.

Leo oktani hupandishwa kwa njia nyingine, lakini kanuni ni ileile: oktani inamfaa mwenye injini inayoihitaji. Kama kitabu cha gari yako kinasema 91, kuweka 95 hakutapunguza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuonekana. Unaongeza gharama tu. Kama kinataka 95, hasa gari ya turbo, ukiweka ya chini kompyuta itachelewesha uwashaji ili injini isigonge, nguvu zitapungua na mafuta yataliwa zaidi.

Soma kitabu cha gari, au angalia ndani ya kifuniko cha tangi, kabla hujamwambia mhudumu ajaze.